Kovu la Marehemu Hosea

Bi Perusi aliinama juu ya jiwe bapa la kuchapia picha, akashtuka. Fundi Tabitha alikuwa amemchora hapo marehemu mume wa mama huyo, Hosea, kwa chaki ya mafuta, akifuata maelezo ya mjane tu, maana picha zote ziliungua na nyumba. Lakini kovu lilikuwa kwenye shavu la kulia.

"Mwanangu, si nilikwambia kushoto? Au nilisema kulia? Ee Mungu, miaka miwili tu, nimeshamsahau!"

Chozi likadondokea jiwe. Akaruka kulipangusa.

"Lia tu, mama," Tabitha akacheka. "Maji hayafuti mafuta."

Akalilowesha jiwe zima kwa sponji, akapitisha rola ya wino. Wino ukakwepa penye maji, ukang'ang'ania mistari ya chaki. Akalaza karatasi, akazungusha mkono wa mashine ya kuchapia, kisha akaibandua karatasi taratibu.

Kovu lilikuwa kushoto.

"Kwenye jiwe tunachora kinyume, mama. Karatasi ndiyo inamgeuza."

Bi Perusi alitazama. Macho yalikuwa makubwa kupita kiasi, na taya kama limechongwa kwa shoka. Hakuna kamera ambayo ingempiga picha hivyo. Lakini ndivyo Hosea alivyokuwa akimkodolea macho chumvi ikizidi mezani.

"Ndiye," akasema. "Bwana asifiwe, ndiye huyuhuyu, na ukorofi wake wote!"

"Usimguse, wino bado mbichi."

Hakumgusa. Alimsogezea uso karibu, akaanza kumpuliza polepole, kama mtu anayepoza uji wa mgonjwa.