Suruali Iliyogeuzwa

Tadea aliinyanyua ile suruali kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya mfu kwenye ghala.

"Hii kashona nani?"

"Ni sampuli yetu, mama," alijibu Goodluck, mtaalamu wa mradi aliyeshuka kijijini Lipingo asubuhi hiyo kwa gari kutoka Mbinga. "Tumechukua suruali iliyochakaa, tukaifumua, tukageuza upande wa ndani ukawa nje. Ndani rangi haijapauka. Nguo inarudi kuwa mpya, kitambaa hakitupwi, mazingira hayachafuki."

Mshono ulikuwa umepinda. Tadea aliibwaga mezani. Wenzake kumi na mmoja wa kikundi cha ushonaji walikaa nyuma ya cherehani zao, macho chini.

"Ubunifu huu ni wa Goodluck mwenyewe," alisema Careen, mkuu wa mradi. "Ninyi mtashona, kiwanda kitauza, na kila nguo itabeba jina la mbunifu. Ndio ushirikiano tunaoutaka."

Notburga, mmoja wa washonaji, alinong'ona jambo kwa Kinyasa, lugha ya pale kijijini. Goodluck akageukia dirishani, uso umemwiva.

"Nina neno," alisema Tadea. "Nilianza kugeuza suruali huyu hajajua kushika sindano. Na mpaka leo hajajua, uzi wake unamsema. Hawa wote humu nimewafundisha mimi. Mmoja aibe, kumi na wawili washone, halafu mseme tumeshirikiana?"

Goodluck alicheka kile kicheko cha ofisini. "Mama, kila kijiji nikifika kuna mtu anasema hivyo hivyo. Madam, tuendelee."

"Subiri kwanza," alisema Careen. "Mama, hayo ni mazito. Una ushahidi? Hata nguo moja ya zamani uliyoigeuza?"

Tadea alimtazama mtaalamu kuanzia viatu vilivyong'aa hadi kitambulisho kilichoning'inia shingoni. Alitafuta haya usoni mwake, akakuta hofu tu. Hata hiyo hofu akaidharau.

"Sina hata moja," alisema.

Goodluck alishusha pumzi.

"Zote ziliishia mwilini mwa mwanangu. Kaptula zake za shule, darasa la kwanza hadi la saba, nilizitoa kwenye suruali za marehemu baba yake." Akamnyooshea Goodluck kidole. "Muulize. Huyo hapo, ananiita mama kama anavyomwita kila mwanamke."