Uji Unaootesha Mikia

Inatangazwa rasmi kwa wananchi wote kwamba uji wa shule huwaotesha wanafunzi mikia.

Utani huo niliutuma nyumbani kutoka bwenini. Mama akauamini, akawasambazia jamaa arobaini, na chuo kikuu, ambacho ndicho husaka uvumi nchini, kikamfungia sauti asiweze kutamka neno, kama kinavyomfungia kila msambaza uongo mpaka mwanzilishi apatikane, afungiwe yeye badala yake.

Niliporudi likizo, mdogo wangu Tunu alikuwa na homa, akililia wimbo wa mama. Mama aliachama, hakikutoka kitu.

Mtafiti wa chuo akaingia. "Mama yangu, nani alikutumia uongo ule?"

Mama alinitazama, kisha akatikisa kichwa.

"Basi utabaki hivyo hivyo."

Tunu akalia tena.

"Shikamoo, dokta," nikasema, nikiyachagua vizuri maneno yangu ya mwisho. "Ni mimi."