Sura ya Tatu ya Profesa Stoddard

Mkataba ulikuwa na sharti moja lililopigiwa mstari kwa wino mwekundu: mjane asibadilishe hata neno moja la mswada wa marehemu.

Neil Brackett, mhariri wa shirika la uchapishaji la chuo, aliuweka juu ya meza ya jikoni, katikati ya mabakuli ya makaroni ambayo majirani walikuwa wanaleta tangu mazishi. Zamani alikuwa mwanafunzi wa Profesa Alden Stoddard, na mpaka leo, mvi zimemjaa kichwani, alikuwa bado analitaja jina lake kwa kunyenyekea.

"Usinichukulie vibaya, Mama Stoddard," alisema. "Ila uliyoyasema siku ya mazishi, watu waliyasikia."

"Nilisema nini?"

"Kwamba utamlipa kwa kitabu chake mwenyewe."

"Ndivyo nilivyosema," Winifred alijibu, akammiminia kahawa.

Na nani angemlaumu? Alden aliandika vitabu vinne vya historia ya Marekani, na vyote vinne mkewe ndiye aliyevipiga taipu. Kwenye kurasa za shukrani aliwataja wakutubi, wafadhili, hata mbwa wake Biscuit. Winifred aliandikwa "mke wangu, kwa kupiga taipu". Mara nne. Mbwa alikuwa na jina, yeye hana. Ukifanyiwa hivyo miaka arobaini moyo unakuwa mgumu, na wa Winifred ulikuwa mgumu haswa.

Kitabu cha tano kilikuwa kimekamilika siku Alden alipoanguka na koleo mkononi, akizoa theluji mlangoni. Hakuwa mtu wa kompyuta. Mswada ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa kwenye droo ya mjane, na Neil alikuwa halali usingizi akiwaza kuhusu jiko la kuni la nyumba ile.

"Nitakupa bila ugomvi," Winifred alisema. "Naomba kitu kimoja tu. Sura ya tatu iondolewe."

Neil alicheka. "Sura ya tatu? Mama, hiyo ndiyo roho ya kitabu. Wake wa wakulima wa karne mbili nyuma, wanaandika pembezoni mwa kalenda zao: ng'ombe kazaa, mtoto kafa, mvua hakuna. Maishani mwake Alden hajawahi kuandika vizuri namna ile."

"Kweli, hajawahi."

"Ndiyo maana inakuuma?"

"Ni sura pekee ambayo hakunipa niipige taipu. Itoeni. Nakwambia kwa wema, na sitakwambia tena."

Neil alishusha kikombe. Alimhurumia kidogo, lakini alimwogopa zaidi. Bibi wa miaka sabini na minne, anataka kumkata marehemu mahali pazuri kuliko pote.

"Haitoki," alisema. "Ndiyo sababu ya mkataba huu. Tafadhali, sahihi yako hapa."

"Na wewe uandike kwenye dibaji kwamba yote ni kazi yake, neno kwa neno. Weka na jina lako chini."

"Hilo nitaliandika kwa moyo mkunjufu."

Winifred akatia sahihi, akafungua droo, akamkabidhi.

Kitabu kilitoka majira ya majani kupukutika. Majarida ya wasomi yalizisahau sura nyingine zote yakaisifu ya tatu, na kabla mwaka haujaisha kilipata tuzo kubwa ya wanahistoria. Chuo kiliandaa sherehe kwenye ukumbi wa kale, kukawa na jibini na sharubati ya tufaha ya moto. Winifred alikaa mstari wa mbele kwa gauni lake jeusi. Watu walinong'ona kwamba bibi sasa amepoa, hasira zimemwisha.

Neil alisimama na kombe mkononi. "Kuna waliohofia kwamba kitabu hiki kingeguswa," alisema. "Nimeapa kwenye dibaji na naapa tena hapa. Kila neno ni la Alden Stoddard."

"Na maneno ya sura ya tatu, Neil?" Winifred aliuliza kutoka kitini kwake.

"Hasa ya sura ya tatu, Mama."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Winifred naye alipiga mpaka viganja vikamwasha.

Jumatatu asubuhi aliendesha gari saa mbili nzima, akavuka mpaka wa jimbo, akaingia kwenye maktaba ya chuo kingine. Karani wa chumba cha chini alikawia, kisha akarudi na tasnifu yenye jalada jeusi, akipangusa vumbi kwa kiwiko.

"Hii hata kwenye kompyuta haimo," alisema. "'Wake wa Wakulima na Maandishi ya Pembezoni mwa Kalenda.' Elfu moja mia tisa sabini na saba. Winifred Pelkey. Ndiye nani huyu?"

"Mimi, kabla sijaolewa."

"Ahaa. Nikutolee nakala ya yote?"

"Sura moja tu, inaanzia ukurasa wa themanini. Nakala thelathini. Moja ya mhariri fulani, nyingine za kamati ya tuzo na magazeti."

"Sawa, bibi. Ila kwanza utie sahihi hapa. Ndio utaratibu wetu, hata kwa mwenyewe."

Alimsogezea karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada, ambayo kila msomaji huitia sahihi akiahidi kutonakili maneno ya mwandishi bila kumtaja kwa jina. Kwa miaka yote hiyo ilikuwa na sahihi moja tu, na Winifred aliutambua mwandiko kabla hajavaa miwani: Alden Stoddard, Oktoba, mwaka juzi.