Ndoo ya Bibi Taipu

Kwa siku ya saba mfululizo Bibi Taipu alipanda ngazi na ndoo yake, taulo begani, sabuni mfukoni.

Jina hilo walimbandika majirani, maana alipiga taipu katika ofisi ya wanasheria miaka thelathini hadi alipostaafu. Miaka minane alikaa chumba cha chini, na kwa miaka yote hiyo jengo zima lilijua salamu yake tu. Habari, nzuri, mlango unafungwa.

Halafu Jumapili mchana bomba la jikoni kwake likapasuka. Lo! Maji yalifika hadi uvunguni. Majirani wakaja mbio na madekio, godoro likapandishwa juani, na Mama Pacha wa ghorofa ya pili akaweka mikono kiunoni.

"Mpaka fundi amalize, utaoga kwetu na utakula kwetu."

"Jamani, mimi sipendi kusumbua watu."

"Nani kakuuliza unapenda nini?"

Basi akaenda, uso kaukunja. Nyumba ile ilikuwa na kelele kama soko. Pacha waligombania kukaa karibu naye. Jumatano alimsuka yule wa kike nywele, zikatoka kombo, wakamcheka hadi naye akapaliwa kwa kicheko. Alhamisi mume na mke walizozana nani kapoteza ufunguo, wakamfanya yeye hakimu. Kumbe alikuwa ameukalia!

Siku hiyo, akijilaza, alimshukuru Mungu kwa bomba kupasuka. Tangu astaafu hakuwa na la kushukuru, akanung'unika tu kuhusu magoti.

Kila jioni Mama Pacha aliuliza, "Fundi vipi?"

"Ananizungusha tu. Kasema kesho."

"Mafundi bwana! Kesho yao haina tarehe."

Na hakuna aliyeshangaa, kwani nani hajawahi kuzungushwa na fundi?

Jumamosi hii, lakini, Baba Pacha hakuwa kazini. "Leo namleta mwenyewe," alisema akivaa viatu. "Nitamkamata shati."

Bibi Taipu aliweka kikombe chini. "Mwache, baba. Ana kazi nyingi."

"Kazi nyingi, na mtu mzima wewe unapandisha ndoo ngazi zote hizi? Hapana!"

Mlango ukafungwa nyuma yake. Chai ya Bibi Taipu ikapoa kikombeni. Alikiona chumba chake kule chini, jioni moja baada ya nyingine, na redio ikijisemea peke yake. Aliogopa, aliogopa kweli. Maji unaweza kumwomba jirani. Watu unawaombaje?

Haikupita saa moja, fundi bomba akaingia na mkoba wake, Baba Pacha akimfuata kwa maneno. "Wiki nzima! Huna hata haya?" Fundi alikuwa amekunja uso, haelewi ametenda kosa gani. Alitaka kujibu, Bibi Taipu akamshika mkono.

"Twende chini, mwanangu. Wewe baba subiri hapa, jiko langu dogo, tutabanana."

Kule chini alifunga mlango. Fundi akatua mkoba, akapiga magoti chini ya sinki, akapapasa bomba kwa vidole. Kukavu. Akainuka, akafungua koki.

Maji yakatoka kwa nguvu, safi, yakarusha matone hadi ukutani.

"Mama," fundi alisema taratibu, "si nilimaliza Jumatatu? Ukanilipa, na chai ukaninywesha. Limeharibika tena?"

Bibi Taipu alitazama sakafu.

Huko juu miguu ya pacha ilikimbia huku na huku. Sauti ya Mama Pacha ikateremka ngazini. "Bibi! Njoo ule, wanao hawa wamegoma kuanza bila wewe!"

Fundi alitazama sahani zilizopangwa juu ya rafu, zote zimeshika vumbi. Alimtazama Bibi Taipu. Kisha akafunga koki, akatoa spana, akaligonga bomba mara tatu kwa kishindo, akafungua mlango na kuchungulia nje.

"Baba!" alipaza sauti. "Nisamehe, bwana, kosa langu! Hili bomba limeoza mpaka ndani ya ukuta. Spea zake ni za kuagiza. Mwezi mzima, labda na zaidi!"