Maneno Matatu ya Amoni

"Upande wa pili," Amoni alisema tena, na uji ukamtoka pembeni mwa mdomo.

Nesta alimfuta kwa pindo la kanga. Tangu kiharusi kimwangushe mwezi wa tatu, mumewe alibakiwa na maneno hayo matatu tu. Mkono haukuinuka, kichwa hakikugeuka. Alikuwa msemaji kweli, ingawa si wa mambo ya moyoni, na maneno mengine yote yalikwenda na maji. Haya aliyasema wakati wa uji, wakati wa kuogeshwa, wakati wa muziki.

Hapa Tunduma hayahitaji mkalimani. Upande wa pili ni Zambia, hatua chache kutoka madukani. Na kwa Nesta, Zambia ilikuwa mtu mmoja: Jenista, mke wa kwanza wa Amoni, aliyezikwa Nakonde mwaka 1970. Miaka ishirini na tatu ya ndoa Nesta alimwonea wivu huyo marehemu, na aibu juu yake, maana marehemu utagombana naye vipi?

Alifanya alichoweza. Kila asubuhi aliwasha gramafoni ya betri, na santuri ikaanza kuzunguka pale pale Amoni alipoiacha siku aliyoanguka. Ilikuwa ya bendi moja ya Waingereza ya miaka ya sitini, vijana wanne wenye nywele za kufunika masikio. Amoni aliinunua Kitwe alipokuwa mchimbaji wa shaba, na enzi za uzima wake hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

"Humu ndimo walimobadilika," aliwaambia wageni. "Walianza wahuni, wakamaliza watu wazima."

Nesta hakuyasikia mabadiliko hayo. Alisikia ngoma na magitaa yakigombana, basi. Muziki ukikoma, alirudisha sindano mwanzo.

Siku binti yao Edina alipofika kutoka Mkwajuni, Nesta aliamua kumeza uchungu wake. Aliinama karibu na mto.

"Baba Edina, unataka ukalale kwa Jenista?"

Amoni alimkazia macho. Alikodoa mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kisha akayafumba, na chozi likateremka hadi sikioni.

"Mama, mbona analia?"

"Amefurahi," Nesta alisema. "Hatimaye nimemwelewa."

Amoni alikufa Alhamisi. Kaka zake walikuwa wameshapima kaburi shambani, pembeni ya nafasi ambayo Nesta alijitengea mwenyewe. Nesta akawakatalia. Walimsihi, wakamfokea, mkubwa wao akamwuliza kama ana akili timamu.

"Amesema mwenyewe mpaka pumzi ya mwisho," aliwajibu. "Mimi ni nani nimnyime?"

Basi wakavuka mpaka na jeneza. Ofisa mmoja alivua kofia. Huko Nakonde Amoni alishushwa ubavuni mwa Jenista, na kwa ubavu wake mwingine palikuwa na njia ya watu. Nesta aliitazama ile njia, akajua hapo hatalala yeye. Alirudi nyumbani akijiona mjane wa mume wa mwenzake.

Siku ya nne akaja Nikodemo kutoka Kitwe kutoa pole. Alikuwa amechimba shaba na Amoni tangu ujana. Baada ya chai aliomba asikie santuri ya rafiki yake, angalau alie vizuri. Nesta akaiwasha. Wakasikiliza wote wawili, ngoma zikipigwa, magitaa yakigombana, mpaka muziki ukakoma. Nesta akanyoosha mkono airudishe sindano mwanzo.

"Hapana, shemeji," Nikodemo alisema. "Upande huu Amoni alikuwa akiuvumilia tu. Geuza upande wa pili, ndiko uliko ule wimbo wa taratibu aliokuwa akiuita Nesta."