Mgonjwa wa Kuigiza

Jirani yetu Mama Pacha anadai chuo cha udaktari kilimwita alale tu kitandani, ajifanye mgonjwa, wanafunzi wafanye mtihani wa kumpima. "Kazi ya kulala, mdogo wangu! Nani aikatae?"

Basi nami nikaenda. Niliambiwa nilalamike kwamba tumbo linauma, upande wa kulia.

Mwanafunzi mmoja alikuwa na vidole vya baridi. Alibonyeza kulia, nikaguna kama nilivyofundishwa. Akahamia kushoto, ambako sikupewa maumivu yoyote. Vidole vikasimama, vikarudi palepale.

Kengele ya kumaliza zamu yake ikalia. Hakuondoka.

"Mwalimu, hebu gusa hapa."

Mwalimu aliyekuwa pembeni akiandika alama akaweka kalamu chini, akagusa, akamtazama mwanafunzi wake.

"Jamani, mimi nimeshaacha kuigiza," nikasema. "Niambieni mmegusa nini."