Beseni la Kobe

Kobe mchanga hakufumbua macho hata alipowekwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.

Baba Hilda alipiga magoti uani, akamshikilia kidevu kwa ncha ya kidole asizame. Shingo ilikuwa na mikunjo kama pilipili iliyokauka. Gamba, dogo kama kisosi, lilikuwa limechongoka vibaya.

Tangu Hilda arudi shule ya bweni na kumwachia kobe wake, baba alikuwa akimtunza kama anavyotunza kahawa: kwenye boksi la maganda makavu, juani, juu ya kichanja cha kuanikia. Kwake unyevu ni ukungu, na ukungu ni hasara.

"Umemkausha," bwana mifugo alimwambia asubuhi kwa simu. "Mtoto wa kobe anataka kivuli, na udongo wenye unyevu. Kwanza mloweke, uone kama atakunywa. Asipokunywa, basi."

Na Hilda alikuwa kwenye basi, anakuja likizo.

Tone la mvua likampiga kisogoni. Mvua ya Julai, ambayo hakuna aliyeitarajia. Kichanjani kahawa yote ilikuwa wazi, karibu kukauka.

"Baba Hilda, turubai," mkewe aliita kutoka jikoni.

Koo dogo la kobe lilikuwa limetikisika juu ya kidole chake. Akabana pumzi. Likatikisika tena.

Mkewe alishatoka, analiburuta turubai peke yake huku matone yakipiga kichanja.

"Njoo ushike upande huu. Kahawa inalowa."

"Iache ilowe," alisema bila kuinua macho. "Anakunywa."